Rangi ya Manjano Katika Kisima cha Hamadi

Vijana mnaoingia kazi za maabara, mkinikuta kwenye harusi au matanga, huwa mnaniuliza: "Mzee Nyawa, enzi zenu mlikuwa mkifanya nini hasa, na umeme hamkuwa nao?" Jibu langu halijabadilika. Nilikuwa nikitazama rangi ya manjano ikififia. Mnacheka. Chekeni tu, lakini nililipwa mshahara kwa kutazama hivyo, na kazi yenyewe niliipenda tangu mwanzo hadi nilipostaafu, isipokuwa siku zile kaptula yangu ilipoingia madoa.

Nianze na kaptula, ili yaishe. Klorini tuliyoitia visimani ilikuja kama unga mweupe ndani ya madebe, na watu wa pwani ya kusini waliuita dawa ya kisima. Unga ule ukigusa kaki, rangi inahama papo hapo. Mimi ni Mduruma wa bara ya Kinango, nimekulia kwenye ng'ombe na vumbi, na kaptula ya kaki ya serikali ndiyo iliyokuwa fahari yangu kubwa. Juma la kwanza la kazi Msambweni nilimwagikiwa na unga mapajani. Nilipopita sokoni siku ya pili, wauza samaki wakaniuliza kama kule kwetu chui huvaa nguo. Wadigo na Waduruma ni watani, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika, ila nilikasirika.

Sasa kazi. Klorini ina ndugu zake, bromini na ayodini, ile mnayopaka kidondani ikawachoma. Ukoo huu una njaa. Ukikutana na kitu chochote kilichotoka kwenye kiumbe, iwe jani lililooza, gome la mti, jasho au mafuta, unakishika na kukila, na wenyewe unapotea katika kula huko. Ndiyo sababu klorini inaua vijidudu vya maradhi ndani ya maji. Lakini haichagui. Kisima kikiwa na majani mengi, klorini itashiba majani kabla haijawafikia wadudu, na wewe utarudi nyumbani ukidhani umewasaidia watu. Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja, asubuhi na jioni: klorini inaliwa kwa kasi gani, na inaliwa na nini?

Aliyenifundisha kuuliza swali hilo ni Bwana Menezi. Alikuwa Mgoa mzaliwa wa Mombasa, mwana wa fundi cherehani, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alisomea kemia ng'ambo, kisha akaomba mwenyewe kuletwa Msambweni, mahali ambapo wenzake walikuwa wakipaona kama adhabu. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza, sinki lisilo na bomba, na dirisha linalotazama minazi. Pale alipanga mitungi midogo ya kioo yenye maji ya kila aina: maji ya kisima cha matumbawe, maji yaliyolowekwa majani ya mwembe, maji ya magome ya mikoko yaliyokuwa mekundu kama chai. Kila mtungi tuliutia klorini kiasi kile kile. Kisha tulichota kidogo, tukatia tone la dawa nyingine, na maji yakageuka manjano. Manjano iliyokolea maana yake klorini ipo tele. Manjano hafifu, imepungua. Yakibaki meupe, imekwisha. Tulikuwa na kisanduku chenye vioo vya manjano vya kulinganishia, na saa ya kubonyeza ambayo Bwana Menezi aliivaa shingoni hata kanisani.

"Nyawa," aliniambia siku ya kwanza, "usiniambie imepotea. Niambie imepotea kwa muda gani."

Katika maji ya kisima safi ungeweza kula chakula cha mchana, ukarudi, ukaikuta manjano bado imo. Katika maji ya mikoko, ilipotea kabla sijarudisha chupa mezani. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau kutia klorini. Bwana Menezi alifurahi, akasema huo ndio mshangao alioutaka, maana kitu kile kile kimoja kilikimbia hapa na kutembea pale, na sababu haikuwa kwenye klorini bali kwa mwenyeji wake.

Niwape mambo machache ya mkono, kwa sababu hayo hayamo vitabuni mwenu. Chupa ioshwe kwa maji yale yale unayotaka kuyapima, si kwa mengine. Rangi itazamwe mbele ya ukuta mweupe, usiilinganishe na mbingu, mbingu inadanganya. Kaa kivulini, kwani jua nalo linamaliza klorini. Na vidole vyako viwe vikavu na visafi. Mimi katika mwezi wa kwanza kila nilichopima kilififia upesi kupita cha Bwana Menezi, tukakosana na chupa, tukakosana na unga, mpaka akanishika mkono akaunusa. Nilikuwa nikijipaka mafuta ya nazi kichwani kila asubuhi, na nywele zangu nilizipenda kuliko vyombo vya serikali. Hakunigombeza. Aliniletea sabuni ya kipande, akaniambia kichwa kibaki kiking'aa, vidole tu ndivyo vioshwe.

Nawaeleza hivi ili mumjue alikuwa mtu wa namna gani kabla sijawafikisha Kinondo.

Kinondo palikuwa na kisima kizuri ambacho watu walikiita kisima cha Hamadi. Hamadi alikuwa mwashi wa mawe ya matumbawe. Alikichimba kwa mkono wake karibu na ukuta wa nyumba yake, akakijengea ukingo wa jiwe, akakitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: yeyote apitaye ateke, jirani na mgeni, mchana na usiku. Kisha akafariki. Mjane wake, Bi Mwanaisha, ndiye aliyebaki akifagia pale na kubadilisha kamba ya ndoo. Kwa Waislamu, sadaka kama ile haifi na mwenyewe. Maadamu kuna mtu anakunywa, thawabu zinamfikia aliye kaburini.

Bi Mwanaisha alikuwa na chumba kinachopakana na kisima. Mara ya kwanza tulipomwendea alitueleza jambo ambalo sikulisahau. "Ndoo ikipanda hugonga jiwe," alisema. "Mimi niko ndani nashona kofia zangu, naisikia. Kila ikigonga, nasema, hiyo yako, Hamadi. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu siku hizi."

Mwaka ule yalizuka maradhi ya tumbo katika vijiji vya pwani, kuanzia Mwabungo kuelekea kusini, na watoto ndio waliodhoofika zaidi. Idara ikaagiza visima vitiwe klorini. Wengi walisita. Dawa gani hii ya unga, nani ameionja, na mbona imeletwa na serikali, kwa mikono ya Mgoa na Mduruma mwenye kaptula ya chui? Bi Mwanaisha ndiye aliyekuwa wa kwanza Kinondo kusema itieni. Alisema Hamadi hakuchimba kisima ili kiue mtoto wa mtu.

Tukatia. Tukapima. Kisima kile kilikuwa raha ya mpimaji: maji safi yaliyochujwa na matumbawe, hakuna jani, manjano inashuka polepole kwa adabu. Tukaondoka tumeridhika.

Hazikupita siku nyingi tukasikia kwamba watu wamekihama. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo zao mbele ya mlango wa Bi Mwanaisha, wakaenda hadi kwenye dimbwi la upande wa pili wa mashamba, dimbwi ambamo ng'ombe nao walikuwa wakinywa. Walisema maji ya Hamadi yamegeuka. Yananuka dawa ya hospitali, yanakaa ulimini mpaka yanakutia kichefuchefu.

Tulirudi. Tulipima kisimani. Kila kitu sawa. Bwana Menezi akanywa kikombe kizima pale pale ukingoni, mimi nikanywa, na kama kulikuwa na harufu ya klorini ilikuwa kidogo tu, ya kupita. Hakukuwa na dawa ya hospitali wala kichefuchefu. Tukawauliza wanawake waliokusanyika: "Mnatia nini katika maji mkifika nyumbani?"

"Hatutii kitu," akajibu Bi Riziki. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta wa Bi Mwanaisha, mwanamke wa maneno makali, na wenzake walimwachia aseme kwa niaba yao. "Mnaotia ni nyinyi."

Kila nyumba ilijibu hivyo hivyo. Hatutii kitu. Na hawakusema uongo hata mmoja, hilo mlikumbuke mpaka mwisho.

Bwana Afya aliyesimamia visima vya upande ule hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na vijiji vingi na subira kidogo. Alikuja na gari lake, akasikiliza, akaamua kwamba wanawake wamejitia kiburi. Kisima kisichotekwa, alisema, kinazaa mbu. Mwezi ukiandama kabla watu hawajarudi, kifukiwe, na wafanyakazi wakachimbe kingine Galu ambako watu wana shukrani.

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Hakubishana. Alimngoja Bwana Afya aondoke ndipo akamwambia Bwana Menezi, kwa sauti ndogo: "Bwana, mimi niliwaruhusu. Waliniambia nisikubali, nikakubali. Sasa Hamadi nitamwambia nini?"

Nilitazama chini. Bwana Menezi alivua miwani akaifuta ilhali ilikuwa safi. Tuliporudi kwenye gari nilimwambia, kwa ujana wangu, labda ni kweli wanawake wamejitia kiburi, kwani si tumepima? Alinigeukia. Ni mara moja tu katika miaka yote niliyomjua alinitazama kwa ukali.

"Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hayaachi maji yaliyo mlangoni akaenda kuyafuata mbali kwa mchezo," alisema. "Sisi tumepima maji ya kisima. Wao hawanywi kisimani. Tumekosea mahali pa kupimia."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kwa dhati, zaidi ya saa yake na vitabu vyake. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa upande wake, mkubwa wake alikuwa upande wake, naye akachagua kuamini ndimi za watu wasiojua hata jina la klorini. Msione ni jambo dogo. Nimefanya kazi na wasomi wengi baada yake, na waliokuwa tayari kufanya hivyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa hapa ndipo nitakapowachekesha. Tulikuwa tumekwenda kwa Bi Mwanaisha mara kadhaa, na katika nyumba nyingine pia, na hatukuwahi kuonja maji ya ndani. Kwa nini? Kwa sababu kila tulipofika, kabla hatujakaa vizuri kwenye baraza, kijana ameshapanda mnazi. Madafu yalikatwa, tukanywa, tukashukuru, tukasifu ukarimu wa Kinondo, tukaenda zetu. Bwana Menezi alikuwa akisema kwamba hajaona watu wanaopenda wageni kama wale. Kumbe walikuwa wakituficha aibu. Maji yao yalikuwa yananuka, na mtu wa pwani hampi mgeni maji yanayonuka, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kwa gari la serikali kuyatafuta maji hayo hayo.

Siku tuliyogundua, kijana wa kupanda minazi alikuwa amekwenda Ukunda. Tulipiga hodi, nikaamkia.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni kidogo, namtafuta mtu awaangulie madafu."

"Bibi, usihangaike. Nipe maji tu."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Koo limekauka. Sisi watu wa bara hatuchagui maji. Kwetu tunakunywa hata yaliyokanyagwa na mbuzi."

Alisita, akanitazama kama mtu anayeombwa kuonyesha nguo iliyochanika. Mwisho aliingia ndani akarudi na kata ya maji kutoka mtungini. Nikapiga funda kubwa.

Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu, sijawahi kuonja kitu kama kile. Ilikuwa kana kwamba mtu amesuuza chupa ya dawa ya kuoshea vidonda, akaninywesha maji yale ya kusuuzia. Kutema katika nyumba ya mtu, mbele ya mama wa watu, sikuthubutu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikameza, machozi yakanilenga, nikasema, "Ahsante."

Bwana Menezi alikuwa ameuona uso wangu. Aliruka kutoka kwenye baraza. "Nipe! Nipe na mimi!" Akanywa, akafumba macho, akanywa tena, akaanza kucheka kwa furaha. "Ndiyo haya! Nyawa, ndiyo haya haya!" Bi Mwanaisha alimtazama kwa hofu, nadhani alifikiri maji yamempanda kichwani.

Tukatoa vyombo. Maji ya kisima, tone la dawa: manjano safi. Maji ya mtungini yaliyotekwa asubuhi ile ile kutoka kisima kile kile, tone la dawa: meupe kabisa. Klorini yote imekwisha liwa. Na aliyeila yumo mtungini.

Nikainamisha uso kwenye mdomo wa mtungi. Chini ya ule uvundo wa hospitali kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya moshi.

"Bi Mwanaisha," aliuliza Bwana Menezi, "unatia nini humu?"

"Sitii kitu, bwana. Wallahi sitii kitu."

Mimi nikauliza kwa namna nyingine. Si kwa akili nyingi. Nilikuwa mgeni wa mila zao, na mgeni huuliza ovyo. "Bibi, mtungi wenyewe huwa mnauoshaje?"

Uso wake ukatulia, maana hilo lilikuwa swali la kawaida, kama la mwanamke kwa mwanamke. "Nausugua, nauanika, kisha naufukiza." Alisema vile mngesema mnafagia kabla ya kudeki.

"Unaufukiza nini?"

"Ubani, mwanangu. Nyinyi kwenu hamfukizi mitungi? Masikini."

Akatuonyesha. Alileta chetezo, akapuliza makaa ya vifuu mpaka yakawa mekundu, akadondosha ubani, na mtungi mwingine mkavu akauinamisha juu ya chetezo ili moshi ujae ndani na kushika udongo. Pwani nzima walifanya hivyo. Maji yakikaa katika mtungi uliofukizwa huwa na harufu nzuri, na mgeni akiyanywa anajua amepokewa. Hakuna nyumba yenye kujiheshimu ambayo mtungi wake haukunukia. Na kwa kuwa kila mtu alilifanya, hakuna aliyelitaja. Hawakutia kitu ndani ya maji. Maji ndiyo yaliyotiwa ndani ya moshi.

Bwana Menezi alikaa chini sakafuni, miguu amekunja, saa mkononi, mbele ya mtungi ule uliofukizwa upya. Akamwaga maji ya kisima. Nikachota, nikatia tone, nikamwonyesha: manjano kidogo. Nikachota tena. Manjano haikuwapo. Bwana Menezi alikuwa hajamaliza hata kufuta miwani yake.

"Kasi kama ya mikoko," nilisema.

"Kuliko mikoko," alisema. Kisha akatueleza, mimi na Bi Mwanaisha kwa pamoja, bila kutafuna maneno. Moshi huacha vitu vyake kwenye udongo. Klorini ikikutana navyo haingoji, inashikana navyo mara moja, na kutokana na hao wawili anazaliwa wa tatu ambaye hafanani na baba wala mama. Huyo wa tatu ndiye anayenuka hospitali, na hata akiwa chembe ndogo mno ulimi unamtambua. Kisima hakina kosa. Ubani hauna kosa. Kosa ni kukutana kwao.

Bi Mwanaisha alifikiri kidogo. "Kama bwana harusi na mkwewe," alisema, na nilikuwa sijawahi kumsikia akitania.

Habari zilipomfikia Bwana Afya, shauri lake lilikuwa jepesi: wakatazwe kufukiza. Bwana Menezi alikataa. Alisema, nami nilikuwepo, kwamba hakuja Kinondo kuwaambia watu wasinukishe mitungi yao, na kwamba amri kama hiyo ikitoka, watu watabaki na ubani wao na kuacha kisima, nao watakuwa na haki. Aliomba apewe muda uliobaki kabla ya mwezi kuandama. Alipewa, kwa shingo upande.

Basi tukarudi kwenye kazi yetu ya kutazama rangi ikififia, lakini safari hii tuliitazama nje, uani kwa Bi Mwanaisha. Mantiki ilikuwa hivi. Klorini inahitaji muda wa kuua wadudu. Ikisha kuwaua, hatuna haja nayo tena, na iende. Kwa hiyo maji yasiingie mtungini yakiwa na njaa. Yangojee mahali pengine mpaka yatulie. Mahali gani, na kwa muda gani? Tulipanga ndoo kivulini, ndoo juani, ndoo yenye kifuniko, ndoo yenye kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi tu. Tukapima kila moja, na kila moja tukaionja baada ya kuimimina katika mtungi uliofukizwa. Siku hizo tumbo langu lilikuwa pipa la serikali. Bi Mwanaisha naye alionja. Ulimi wake ulijua klorini imebaki pale ambapo vioo vyetu vilisema imekwisha, na Bwana Menezi akaanza kumngojea yeye aseme kwanza ndipo atazame rangi, wakawa wanashindana kama watoto.

Tulipata jibu ambalo mtu yeyote angeweza kulitumia bila saa. Teka baada ya sala ya Alfajiri. Acha ndoo uani, juani, imefunikwa kitambaa chepesi. Ukisikia adhana ya Adhuhuri, mimina mtungini. Manjano haipo tena, wadudu wameshakufa, na kinachobaki ni maji na ubani.

Kulijua ni jambo moja. Kuaminiwa ni jambo lingine, na mwezi ulikuwa umebaki mwembamba kama ukucha. Bwana Menezi alitaka kuwahutubia wanawake. Bi Mwanaisha akamwambia amwachie. Aliwaita majirani uani kwake, akapanga mitungi miwili, yote imefukizwa kwa chetezo kimoja mbele ya macho yao. Mmoja ukatiwa maji yaliyotekwa saa ile ile. Mwingine maji yaliyolala juani tangu Alfajiri. Hakueleza neno. Alimpa kata Bi Riziki.

Bi Riziki alionja wa kwanza, akakunja uso, akatema kando. Kwa mwenyeji kutema kwa jirani yake si aibu, niliona, ni mimi tu niliyeteseka bure. Akaonja wa pili. Akaonja tena.

"Haya ni ya wapi?" akauliza.

"Ya Hamadi," akajibu Bi Mwanaisha.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Bi Riziki akamgeukia Bwana Menezi, ambaye alikuwa amesimama karibu na mgomba akijaribu kutoonekana. "Na nyinyi mlitutesa siku zote hizi kwa nini?"

"Tulichelewa kuuliza vizuri, mama," alijibu. "Tuwieni radhi."

Mtu msomi, mbele ya wanawake wa kijiji, mbele ya Bwana Afya aliyekuja kutazama, anaomba radhi kwa jambo ambalo yeye peke yake ndiye aliyelisumbukia. Bi Riziki akamwambia yamekwisha, na waliomjua watawaambia hilo lilikuwa la ajabu kuliko kemia.

Baada ya miaka mingi niliona mashine zinazopima haya mambo kwa mwanga, kasi ambayo jicho halifiki, klorini na bromini zikishika mvuke wa mafuta kabla hujapepesa. Ni kazi nzuri sana hiyo, na nyinyi mnaoifanya nawaonea fahari. Ila kila mtambo mpya ukiletwa nilikuwa nikijiuliza kimoyomoyo: haya tunayopima, ndiyo yanayonywewa? Hilo ni la Bwana Menezi, nami nawapa bure.

Mwezi ulikuwa haujaandama tulipokwenda Kinondo mara ya mwisho kwa shughuli ile. Tulifika asubuhi mapema. Kisimani hapakuwa na mtu, nikadhani tumeshindwa. Bi Mwanaisha alitukaribisha ndani, kwenye kile chumba kinachopakana na kisima. Hakumtafuta mtu wa kupanda mnazi. Alifunua mtungi wake, akachota kata ya maji, akamnyooshea Bwana Menezi, ubani ukanukia chumba kizima.

Nje tulisikia ndara za mtu. Kisha sauti ya Bi Riziki ikimgombeza nani sijui kuhusu kamba. Kisha kamba ikikwaruza, na ndoo ikipanda, ikagonga jiwe.

Mkono wa Bi Mwanaisha ulisimama na kata hewani. Maji yakatikisika, yakammwagikia Bwana Menezi kwenye viatu, naye hakusogea.

"Hiyo yako, Hamadi," alisema.

Ikagonga tena.

"Na hiyo."